Ngome, Boma na Lilinga: Ukuta wa Kalenga Ukitazamwa kutoka Bonde la Kilombero



Masagati ni kata iliyoko pembe ya kusini-magharibi ya bonde la Kilombero, mahali ambapo nyanda za mto zinaanza kupanda kuelekea milima ya Ubena. Msomaji anayevipekua vitabu vya historia ya Tanzania akitafuta ngome ya mawe ya Masagati hataiona. Hataiona pia ya Mlimba, ya Mngeta wala ya Mofu. Vitabu hivyo humpeleka kwingine: kaskazini, juu ya safu ya Udzungwa, ilikokuwa ngome ya Mkwawa pale Kalenga, au mashariki, juu ya mlima wa Mahenge, lilikokuwa boma la Wajerumani. Bonde lililoko kati ya ngome hizo mbili huachwa kana kwamba watu wake hawakuwahi kujihami dhidi ya mtu yeyote. Suala linalochunguzwa katika mhadhara huu linaanzia hapo: ni kitu gani hasa kinachoitwa ngome katika Kiswahili, neno hilo linaona nini, na linaficha nini?

Pwani, Kiswahili kina utajiri wa maneno kwa jengo la namna hii. Kuna ngome, boma, husuni, buruji na gereza. Kila moja lilikuja na historia yake, na baadhi yake yanapotosha yakichukuliwa juujuu. Husuni ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mahali penye kinga. Hata hivyo, jengo mashuhuri kuliko yote yenye jina hilo, Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, halikuwa ngome. Lilijengwa katika karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, nalo lilikuwa jumba la kifalme: zaidi ya vyumba mia moja, nyua kubwa, maghala ya bidhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane likitazama bahari. Uchimbuzi wa Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulilithibitisha hilo. Watu waliolipa jina la husuni waliliona likiwa tayari gofu, juu ya jabali, na ukubwa wake ukawatosha kuwa ushahidi.

Safari ya neno gereza ni ndefu zaidi. Asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Mwanafunzi anayelisikia jambo hili kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba nyumba ya ibada imegeuka kuwa jela, na wengine huridhika kulifanya utani. Maelezo yake ni mepesi. Ngome za Wakristo wa zama hizo zilijengwa pamoja na kanisa ndani yake, si Ureno peke yake. Katika Armenia, kwenye miteremko ya mlima Aragats, kuna ngome ya Amberd, iliyowekwa juu ya ulimi wa ardhi kati ya mabonde mawili yaliyochongwa na mito. Ndani ya kuta zake lipo kanisa lililojengwa mwaka 1026 na Vahram Pahlavuni. Wamongolia waliiteka ngome hiyo mwaka 1236, kuta zikabomoka, lakini kanisa limesimama hadi leo. Vivyo hivyo, Mreno alipojenga Mombasa alijenga na kanisa humo ndani, na mtu wa nje aliyesikia kengele aliliita jengo zima kwa jina la sehemu moja. Gereza likawa ngome. Baadaye watawala wa pwani wakafungia watu katika ngome, na gereza likawa jela. Kilwa Kisiwani neno limesimama katikati ya safari: jengo linaloitwa Gereza ni ngome ya Waomani ya mwanzoni mwa karne ya 19, iliyojengwa pale Wareno walipokuwa na ngome yao kati ya mwaka 1505 na 1512. Na Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, ilikuwa jela ya serikali kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Neno na jengo vilikwenda njia moja.

Boma nalo limezuliwa hadithi. Wako wanaosema, tena kwa uhakika mkubwa, kwamba ni herufi za mwanzo za jina la ofisi fulani ya Kiingereza ya utawala wa makoloni. Hadithi hiyo haina msingi. Wasafiri waliopita bara katika miaka ya 1870 walilikuta neno hili likitumika kwa ua wa miba, wa miti au wa mawe unaozunguka kijiji au kambi, kabla serikali yoyote ya Kiingereza haijakanyaga Tanganyika. Kilichotokea ni kinyume chake: Mjerumani, kisha Mwingereza, aliingia ndani ya neno la wenyeji. Ofisi yake ilikuwa na ukuta, basi ikaitwa boma. Ukuta ulipoondoka jina likabaki, na mpaka leo raia anayekwenda kutafuta cheti husema anakwenda bomani ingawa hakuna ukingo wala mlinzi wa lango.

Maneno haya yote yana sifa moja. Yanataja kitu kilichojengwa: jiwe, tofali, mti uliochimbiwa. Hapo ndipo Kihehe kinapoingia na neno lake, lilinga, wingi wake malinga. Jina la mji wa Iringa linatokana na neno hilo. Kiambishi li- cha ngeli ya tano hudumu katika Kihehe mahali ambapo Kiswahili kimekidondosha au kukigeuza kuwa ji-, na sikio la mgeni lililichukua l kuwa r. Neno hili si la Uhehe pekee. Kichewa, mbali kusini-magharibi ya Ziwa Nyasa, kina linga na malinga kwa maana ile ile ya ngome na kuta zake. Kwa hiyo eneo la neno ni pana kuliko eneo la dola ya Mkwawa, na dhana ya makao yaliyozungushiwa kinga ilikuwapo katika lugha za nyanda za juu bila kungoja pwani ifundishe.

Taarifa za kijeshi za Wajerumani za mwaka 1894 zinaiita ngome ya Mkwawa kwa jina la Kuirenga. Mjuzi wa lugha za Kibantu ataona mara moja kwamba ku- ni kiambishi cha mahali, na kwamba aliyeulizwa mahali panaitwaje alijibu kama ambavyo Mswahili angejibu "ngomeni". Mwandishi akakiandika kiambishi kuwa sehemu ya jina. Baadaye, mwaka 1896, Tom Prince alipoweka kituo kipya cha kijeshi kwenye mlima ulio karibu na jiwe la Gangilonga, jina la Iringa lilihamia huko, na Kalenga ikabaki kuitwa na Wajerumani Iringa ya Kale. Mji wa leo, basi, unatembea na jina la ngome ambayo haikuwa yake. Jambo hilo halina ubaya. Ila mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba Mkwawa alipigana Iringa hana budi kueleza ni Iringa ipi.

Hapa inafaa kuonya kidogo. Kalenga na lilinga hufanana masikioni, na wapo wanaoyahesabu kuwa neno moja. Irabu zake ni tofauti, na kiambishi ka- cha Kalenga ni cha ngeli ya udogo. Katika orodha ya kata za Mlimba, si mbali na Masagati, kuna jina Kalengakelu. Yaelekea sehemu ya mwisho ya jina hilo inapatana na ka- hiyo hiyo na kubeba mzizi -elu, ambao katika lugha za ukanda huu una maana ya weupe. Mtu mwenye shauku anaweza kujenga juu ya jina hilo daraja zima la historia kutoka Kalenga ya Mkwawa hadi bondeni. Mfanano wa sauti hautoshi kubeba daraja la uzito huo.

Sasa ngome yenyewe. Kalenga iko kiasi cha kilomita 15 magharibi ya mji wa Iringa, kando ya mto Ruaha Mdogo. Mkwawa, mwana wa Munyigumba, aliijenga katika miaka ya kuelekea na kufuatia 1890. Wahehe hawakuwa wa kwanza katika nyanda za juu kujizungushia ukuta. Wasangu wa Merere, waliokuwa maadui wao wa muda mrefu, walikuwa nazo kuta hizo, na adui ni mwalimu mzuri wa ujenzi. Ukuta wa Kalenga ulikuwa wa mawe na udongo, ukizidi kimo cha mtu. Ndani yake hazikuwamo nyumba chache za mfalme na walinzi wake tu, bali makao ya watu wengi, yaliyojengwa kwa mtindo wa tembe: nyumba ndefu za miti na udongo zenye paa bapa la udongo, zikizunguka nyua ambamo ng'ombe walilala.

Tembe yenyewe ni nusu ya ngome. Ukuta wake wa nje una matundu machache, mlango wake ni mmoja, na paa lake haliwaki moto kirahisi kama la nyasi. Aliyejenga mji wa tembe na kuuzungushia ukuta wa mawe alikuwa amejenga kinga ndani ya kinga. Hiyo ndiyo sababu Wajerumani walipokwisha kuuvuka ukuta, vita haikwisha; ilianza upya nyumba kwa nyumba. Wasomi wanaoieleza Kalenga kwa vipimo vya ukuta wake pekee hulikosa jambo hili. Wameitazama kwa jicho la mpiga mzinga aliyesimama nje.

Ukuta huo ulimfaa Mkwawa dhidi ya nani? Dhidi ya mikuki, mishale na gobori, ulitosha. Vita vya nyanda za juu katika miaka ya 1870 na 1880, kati ya Wahehe, Wangoni na Wasangu, vilikuwa vita vya mikuki na ngao, na lengo lake mara nyingi lilikuwa ng'ombe na mateka. Lakini tarehe 17 Agosti 1891 mambo yaligeuka. Kikosi cha Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo na watu wa pwani, kilivamiwa pale Lugalo kikiwa katika mwendo wa safari, katikati ya majani na mawe. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine na askari wapatao 250. Bunduki nyingi na mizinga iliangukia mikononi mwa Wahehe. Ushindi wa Lugalo ulipatikana bila ukuta wowote. Ulitokana na kujua njia, kuvumilia kungoja, na kushuka ghafla.

Kwa nini basi, miaka mitatu baadaye, Wahehe walimngoja adui nyuma ya ukuta? Swali hili limewasumbua wanahistoria, na tamthilia ya M. M. Mulokozi, Mukwava wa Uhehe, iliyochapishwa mwaka 1979, imelipa suala zima la Mkwawa uhai wa jukwaani. Jibu lenye nguvu zaidi limo katika jengo. Makao makuu yenye ukuta si silaha tu; ni ghala, ni hazina, ni zizi, ni mahakama. Pembe za ndovu, baruti, ng'ombe na familia za wakuu vilikuwa humo. Mtawala aliyekusanya dola nzima mahali pamoja hawezi kuliacha lango wazi na kuingia porini kabla adui hajafika, maana siku hiyo hiyo watu wake watauliza dola iko wapi. Ukuta uliomlinda ulikuwa pia umemfunga. Mswahili wa pwani, ambaye neno lake moja limekuwa ngome na jela, hapaswi kulishangaa hilo.

Tarehe 30 Oktoba 1894 kikosi kilichoongozwa na gavana Friedrich von Schele kiliivamia Kalenga. Masimulizi ya wenyeji huunganisha jina la Tosamaganga, kilima kinachotazama upande huo, na mizinga iliyorushwa siku hizo: tosa maganga, tupa mawe. Wanaisimu hawana budi kuyapokea masimulizi ya namna hii kwa tahadhari, ila hapa sarufi haiyapingi. Wajerumani waliuvuka ukuta, wakapigana ndani ya tembe, wakaiteka hazina ya pembe na baruti pamoja na sehemu ya silaha zilizopotea Lugalo. Mkwawa hakuwamo miongoni mwa mateka. Alikuwa ametoka.

Kulinganisha ni kuzuri hapa. Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Kalenga ilitekwa kwa siku chache. Ni rahisi kusema kwamba jiwe la matumbawe na fundi wa Kitaliano vilishinda udongo wa Uhehe, na usemi huo umeandikwa zaidi ya mara moja. Si sahihi. Waliozingira Mombasa hawakuwa na mizinga mikubwa ya kubomoa kuta, na waliozingirwa walipata msaada kwa njia ya bahari mara kadhaa. Kilichowamaliza ni maradhi na njaa. Kalenga haikuwa na bahari nyuma yake, na mizinga iliyoielekea ilikuwa ya mwisho wa karne ya 19. Kuta mbili haziwezi kupimwa kwa mizani moja bila kuuliza kilichokuwa kinarushwa juu yake.

Kilichofuata ndicho kinachorudisha mazungumzo bondeni. Baada ya ukuta kuanguka, Mkwawa aliendelea kupigana kwa karibu miaka minne, akihama katika milima na misitu ya Uhehe, ikiwamo ile ya Udzungwa ambayo upande wake mmoja unashuka Kilombero. Wajerumani walimweka ndugu yake Mpangire katika kiti mwishoni mwa 1896, wakamnyonga mwanzoni mwa 1897 kwa kumshuku. Walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezungukwa, alijipiga risasi pale Mlambalasi. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, kikatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954 na gavana Edward Twining. Hesabu ya kijeshi ni nyepesi: ukuta ulidumu siku chache, msitu ulidumu miaka minne. Hata hivyo Kiswahili cha vitabu kina "kuanguka kwa Kalenga", na hakina jina la kile kilichodumu.

Watu wa bonde la Kilombero walikijua kitu hicho zamani. Wandamba ni watu wa mto. Kilombero hufurika kila masika na kuigeuza nyanda pana kuwa ziwa la majani, lenye vijito vinavyohama na visiwa vinavyotokeza na kuzama. Wavamizi kutoka milimani, wawe Wahehe au Wangoni au Wambunga kabla hawajawa wenyeji wa bonde, walikuwa mashujaa wa nchi kavu. Aliyekuwa na mtumbwi na kuijua njia ya matete aliingia mahali ambapo mkuki haukufika. A. T. na G. M. Culwick, walioandika kitabu juu ya Wabena wa bonde hili mwaka 1935, waliwaita kwa haki Wabena wa mito. Makao ya watemi wao yalibeba jina la Utengule, jina lile lile linalopatikana pia Usangu. Jina la makao liliweza kuchukuliwa na kuwekwa mahali pengine, ukuta hauchukuliki.

Mahenge ilikuwa kinyume cha hayo yote, ngome ya mgeni juu ya mlima. Tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilielekea boma hilo, lililokuwa likishikiliwa na Kapteni von Hassel na askari wachache. Bombomu mbili ziliwakuta katika uwanja wa wazi. Waliosalia walilizingira boma hadi Ernst Nigmann alipofika na kikosi kutoka Iringa mwezi Septemba. Huyu ni Nigmann yule yule ambaye mwaka 1908 alitoa kitabu juu ya Wahehe, na ambaye wasomi wa Kalenga wanamtegemea hadi leo. Maelezo mengi ya ukuta wa Mkwawa yamepitia katika macho ya mtu wa boma. Fasihi ya Kiswahili ililichukua tukio la Maji Maji mapema: utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulichapishwa mwaka 1933, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein mwaka 1969. Lakini macho ya fasihi hiyo yalielekea zaidi Umatumbi na Lindi, na watu waliokufa mbele ya boma la Mahenge wamebaki pembeni.

Leo mabaki ya ukuta wa Kalenga ni machache, nayo yanahitaji mwenyeji wa kuyaonyesha. Ipo nyumba ya makumbusho ndogo inayohifadhi fuvu. Katika mji wa Iringa, jengo la Wajerumani la mwaka 1900, lililoanza kama hospitali ya kijeshi na kisha likawa ofisi za serikali, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Linaitwa Boma. Kwa hiyo historia ya lilinga huonyeshwa ndani ya boma, na mtoto wa shule anayeitembelea hutoka na maneno mawili ya Kiswahili na jina la mji ambao hajaambiwa maana yake.

Kamusi za Kiswahili sanifu zinaweza kulipokea neno lilinga kama zilivyolipokea tembe, na hiyo ni kazi ya mkutano mmoja wa wanakamusi. Kazi ngumu iko kwingine. Kindamba, Kibena cha bondeni, Kipogoro na Kimbunga vina maneno ya mahali pa kukimbilia: kisiwa cha matete, pango, kichaka kilichoachwa kikue makusudi. Wanafunzi wanaotoka Mlimba, Malinyi, Ifakara na Masagati wanaweza kuanza na swali dogo kwa wazee wa kwao wakati wa likizo: vita ilipokuja, watu walikwenda wapi, na mahali hapo paliitwaje?